Kupeleka wanafunzi kwa Mangi Meli, niliyoyaona mwenyewe

Mi ni mwalimu wa historia, sekondari moja ya kata huku Moshi, jina la shule siliweki maana sijaomba ruhusa ya mtu na sitaki kuitwa ofisini. Kwa miaka kadhaa sasa napeleka vijana Old Moshi kwenye kumbukumbu ya Mangi Meli, chifu wa Wachagga wa huko aliyenyongwa na Wajerumani (mangi ndo chifu kwa Kichagga), na kila nikikutana na walimu wenzangu kwenye semina wananiuliza yale yale, unawapelekaje, hawakusumbui, wanaelewa kweli au wanaenda kupiga picha tu. Basi leo nina nafasi, niandike kwa kirefu, na nikiruka ruka mtanivumilia.

Niseme mapema kwamba mi ni Mpare, kwetu Same. Hii ina maana yake, mtaona huko mbele.

Kwa asiyepajua: unatoka Moshi mjini mpaka Kiboriloni pale kwenye mitumba, unaiacha barabara ya Himo unapandisha mlimani. Migomba, kahawa, masale, ule mmea wa Wachagga, kwenye mipaka ya watu, baridi inaanza kukupata taratibu hata kama mjini mmeacha jua kali. Tsudunyi ndo penyewe. Kuna mti ambao wenyeji wanakuonyesha kwamba ndo walionyongewa Meli na wenzake, na kuna sanamu ya Mangi, kichwa na mabega, iliyowekwa mwaka 2019. Ukienda ukitegemea mnara mkubwa utashangaa, mbona ni hiki tu. Wanafunzi wangu wengi neno lao la kwanza ni hilo hilo, "Madam, ndo hiki?" Ndo hiki, shukeni kwenye gari.

Sasa ishu ya kwanza niliyoigundua ni kwamba historia usiende kuifundishia pale. Mtoto ameamka saa kumi na moja, ametikiswa kwenye gari, ana njaa, halafu wewe unasimama chini ya mti unaanza kusoma notisi za ukoloni, nani atakusikiliza? Mi namaliza kila kitu darasani wiki moja kabla. Kwenye silabasi Meli ni jina tu kwenye orodha ya waliopinga, Abushiri, Mkwawa, Meli, Kinjekitile, mtoto anakariri anajibu mtihani anasahau, kwa hiyo hapo inabidi uongeze nyama mwenyewe. Nawaambia kwamba baba yake, Rindi, ambaye wazungu walimwita Mandara, ndo aliyekubali bendera ya Mjerumani mwaka 1885, alikuwa mtu wa mahesabu, alitaka wageni wamsaidie dhidi ya majirani zake hasa Kibosho. Rindi akafa 1891, Meli akashika nchi bado kijana. Mwaka uliofuata, Juni 1892, Wajerumani wakiongozwa na von Bülow wakaja kumnyoosha na wakanyooshwa wao, von Bülow mwenyewe akafa kule, na waliobaki wakafunga virago wakaondoka Kilimanjaro kabisa. Hapa darasa linapiga makofi kila mwaka. Naachia wapige. Halafu nawaambia Agosti 1893 wakarudi na Kanali von Schele, jeshi kubwa zaidi, silaha nzito zaidi, na Meli akashindwa, watu wake wakalazimishwa kujenga boma na kufanya kazi za shuruti. Miaka saba mbele, tarehe 2 Machi 1900, baada ya kutuhumiwa kwamba anapanga uasi na wenzake, wakamnyonga, yeye na wengine, jumla watu 19.

Nikifika kwenye hiyo 19 nasimama. Naandika ubaoni kubwa. Nawapa kazi moja tu ya nyumbani: muulize babu, bibi, au mzee yeyote wa ukoo wenu, hao wengine walikuwa akina nani, na upande wenu mlikuwa wapi siku ile.

Aisee. Hiyo kazi ndogo ndo imebadilisha safari nzima.

Maana darasa la Moshi siyo Wachagga tu kama watu wanavyodhani, na hata hao Wachagga siyo kitu kimoja. Nina wa Old Moshi, nina wa Kibosho, wa Marangu, wa Siha, wa Rombo, wa Machame, nina Wameru wawili watatu kila mkondo, Wapare wenzangu, na watoto wa wafanyakazi waliohamia kutoka kila mahali. Wakirudi kutoka kwa babu zao kila mmoja ana kesi yake. Wa Kibosho anakuja na Mangi Molelia, mtoto wa Sina, naye alinyongwa siku ile. Wa Siha anakuja na Mangi Ngalami. Mmeru anakuja amevimba kifua anasema hata kwetu waliletwa viongozi wakanyongwa hapo hapo Moshi, na Waarusha pia, mbona madam ulisema Meli tu. Mi sikusema Meli tu, lakini sanamu ni ya Meli, jina la safari ni la Meli, kwa hiyo namwelewa.

Halafu kuna wa Marangu.

Simulizi ya Old Moshi haina haya katika hili, inamtaja Mangi Marealle wa Marangu kwamba ndo aliyewachongea wenzake kwa Kapteni Johannes, mkuu wa kituo cha Wajerumani. Ukikaa na wazee wa upande ule wanaisimulia kama imetokea juzi. Sasa binti mmoja wa Marangu, mpole kabisa, wa mbele, wa kuandika notisi kwa kalamu tatu za rangi, akasimama darasani akasema babu yake amemwambia Marealle alikuwa na akili, alijua huyu mzungu hashindiki kwa mikuki, akatafuta namna ya kuokoa watu wake, na kwamba Rindi baba yake Meli si ndo alianza kuwakaribisha wenyewe? Darasa likalipuka. Kule nyuma kuna mvulana wa Old Moshi akamwita msaliti, mbele yangu. Nikamtoa nje dakika tano apoe, akarudi, nikamwambia hoja ya mwenzako ijibu kwa hoja. Hakuwa nayo. Akaomba akamuulize tena babu yake.

Walimu wengine watasema hapo nachochea ukabila. Nimeambiwa, tena na mkubwa wangu wa kazi wakati ule, kwamba safari ya shule iwe ya kuunganisha watoto, hayo mengine yaachwe. Mi naona kinyume. Hizi stori watoto wanazipata nyumbani utake usitake, kwenye mtori, kwenye msiba, kwenye mbege ya wazee, tofauti ni kwamba huko anasikia upande mmoja na hakuna wa kumbishia. Darasani anabishiwa. Na ukweli mwenyewe ni kwamba Mjerumani alitawala mlima huu kwa sababu mangi walikuwa wanagombana wenyewe kwa wenyewe, ng'ombe, mipaka, biashara ya misafara, hiyo huwezi kuificha halafu useme umefundisha historia ya Kilimanjaro.

Hapo ndo Upare wangu unanisaidia. Hakuna anayeweza kuniambia madam wewe unatetea kwenu. Kuna mzee mmoja wa pale juu ambaye huwa anakubali kuongea na vijana, siku ya kwanza kumuona nilimwamkia, nikajitambulisha na kabila langu kwa sababu aliuliza, akacheka mpaka akashika fimbo, akasema hapo sawa, Mpare amekuja kusikiliza kesi ya Wachagga, kesi mnazipenda. Watani hao, huwezi kukasirika. Nikamwambia babu lete mashahidi.

Huyo mzee ndo nguzo ya safari, na kama una nafasi ya kuchagua kati ya kulipia gari zuri na kumpata mzee wa namna hii, panda gari bovu. Hasomi popote. Anakaa kwenye kiti cha plastiki, vijana wanakaa chini kwenye majani, anaanza na ukoo, nani alizaa nani, na mi mwanzoni nilitamani kumwambia babu fupisha maana watoto wanachoka, lakini hawachoki, wanatafuta majina yao humo. Akifika kwenye siku ya kunyongwa anasema Meli hakufa upesi, alining'inia masaa mengi akiwa hai mpaka wakampiga risasi. Hiyo ni simulizi ya kule, wazee wanaisema wote. Kisha anasema wakamkata kichwa wakakipeleka kwao.

Anapofika hapo hapandishi sauti wala nini, anaeleza mila. Kwamba zamani mzee mwenye watoto akifa alizikwa nyumbani, na baada ya muda mifupa yake ikifukuliwa kichwa kinawekwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kwenye masale, kikiangalia Kibo. Ndo maana, anasema, kuchukua kichwa cha mangi ilikuwa ni zaidi ya kumuua, ni kuwanyima watu mahali pa kwenda kuongea naye. Nilifundisha hii mada miaka kadhaa bila kuwa na maelezo mazuri hivi ya kwa nini fuvu linadaiwa mpaka leo, nilikuwa nasema tu ni heshima, utu, na kadhalika.

Na kuna mwanafunzi, form two, kafupi kanakaa pembeni na hakaongei, kakainua mkono kakauliza, "Babu, kwa hiyo yeye alizikwa mwili bila kichwa, halafu nyie mkamtengenezea kichwa bila mwili?" Kanaonyesha sanamu. Kimya. Mi nilijua mzee atakasirika. Akageuka akaiangalia ile sanamu kama ndo anaiona leo, akasema huyu mtoto ni wa nani?

Kuhusu fuvu lenyewe inabidi ujipange maana maswali yatakuja mengi na usipojua utajibu uongo. Mjukuu wa Mangi, Mzee Isaria Meli, amelidai kwa miaka mingi sana, alitoa mpaka sampuli ya DNA. Mwaka 2023 ile taasisi ya makumbusho ya Berlin inayoshikilia mafuvu kutoka Afrika Mashariki, zaidi ya elfu moja, mengi ya Rwanda, ya Tanzania karibu mia mbili, ilitangaza majibu. La Meli halikupatikana. Ila moja lilioana na ukoo wa Akida, mshauri wake Meli, na mengine mawili yakaonyesha undugu na ukoo wa Molelia wa Kibosho. Ile wiki darasani kwangu ilikuwa kama mpira, kijana wa Kibosho aliingia na habari kwenye simu ya baba yake kaificha kwenye soksi, simu haziruhusiwi, nikajifanya sijaona kwa sababu nilitaka asome kwa sauti. Akasoma. Wa Old Moshi wakanyamaza. Ndo mara ya kwanza nikaona wanakubali kwamba hii kumbukumbu siyo ya kwao peke yao, na wala sikuhubiri.

Novemba mwaka huo huo Rais wa Ujerumani, Steinmeier, akaenda Songea akaomba radhi kwa Maji Maji. Nikawauliza, mnaonaje, inatosha? Majibu yakagawanyika, wengine wakataka fidia, wengine wakasema kwanza vichwa virudi, mmoja akasema kwetu mtu akiomba radhi anakuja na sale mkononi, huyo alikuja nalo? Ukiishi huku unajua, ukipelekewa sale umefungwa, huwezi kukataa kusamehe kirahisi. Nikamwambia sijui kama kuna mtu alimshauri.

Huwa nawalinganishia pia na Mkwawa, maana fuvu lake lilitajwa hadi kwenye mkataba wa Versailles baada ya vita kuu ya kwanza, lakini likarudi 1954 tu, likaletwa na Gavana Twining, sasa liko Kalenga, Iringa. Wanahesabu wenyewe kwenye daftari ilichukua miaka mingapi toka alipokufa 1898. Kisha wanauliza kwa nini la Mkwawa liliingia kwenye mkataba na la Meli hapana, na hapo mjadala unakwenda kwa Mwingereza na faida aliyoitaka kwa Wahehe, mada nyingine hiyo.

Swali ambalo mi binafsi naliogopa zaidi ni la askari. Kila mwaka kuna atakayeuliza, hao waliokuja na von Schele walikuwa wazungu wangapi? Wachache. Bunduki nyingi zilishikwa na watu weusi, Wasudani, watu wa kusini, na wapiganaji wa mangi wengine. Sasa hao tunawakumbuka wapi? Ukishafungua huo mlango unafika mpaka vita ya 1914 hadi 1918, maana na hiyo ilipita hapa hapa, Jenerali Smuts wa upande wa Waingereza aliingia Moshi Machi 1916, walipigana Latema na Reata kule njia ya Taveta, wakapigana Kahe. Makaburi ya wanajeshi wa Uingereza na makoloni yake yapo Moshi mjini, mtu na jina lake. Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi hayo walikufa kwa makumi ya maelfu, njaa, kuhara, malaria, na wengi wao hawana hata kijiti. Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza hayo makaburi yenyewe ilikiri mwaka 2021 na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000, labda mpaka 350,000, wengi wao Waafrika na wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Nikiisoma hiyo namba darasani huwa siongezi kitu. Nawaambia rudini nyumbani mkaulize kama kuna babu wa babu alibeba mizigo. Wachache sana wanarudi na jina. Wa Old Moshi wana Meli, wa Kibosho wana Molelia, ila mpagazi hana mtu.

Mambo ya kawaida sasa, kwa anayetaka kwenda. Barua ya ofisi ya kijiji mapema, usiende kuvamia, pale ni kwa watu na kuna familia inayohusika. Usiende tarehe 2 Machi yenyewe kama unataka watoto wasikie kitu, siku hiyo kuna wageni, hotuba, maspika, nenda wiki kabla au baada. Masika usijaribu, ule udongo ukilowa viatu vya shule vinageuka matofali. Chakula wabebe wenyewe. Picha ziwe mwishoni, ukiruhusu simu au kamera mwanzoni umekwisha, wote watataka kupiga na sanamu wakiwa wamekunja ngumi. Na mzee mpe chochote kwa heshima, ndani ya bahasha, usimpe mbele ya wanafunzi kama unamlipa kibarua.

Na msiwape ile fomu ya "andika mambo matano uliyojifunza". Nilikuta wanaandika kabla ya kushuka kwenye gari. Mi nawaambia waandike swali moja ambalo mzee hakulijibu, hilo ndo nasahihisha.

Kitu ninachokipigania sasa ni upande wa Meru. Wale Wameru wa darasani wana haki, stori yao inaanza Akeri, Oktoba 1896, walipouawa wale wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, halafu Johannes akaenda kulipiza kisasi, vijiji vikachomwa, mifugo ikachukuliwa, na Boma la Arusha ambalo leo ni makumbusho lilijengwa kwa jasho la watu wa huko huko waliolazimishwa. Huwezi kuielewa ile siku ya Moshi bila hiyo. Nimependekeza safari iwe ya siku mbili, Old Moshi siku ya kwanza, Akeri na Boma siku ya pili. Uongozi wa shule umeniambia bajeti hakuna, wazazi wamegawanyika, mzazi mmoja Mmeru kasema gari la kutoka Usa River kwenda Akeri na kurudi atalitoa yeye, bado tunatafuta la kutufikisha Usa. Yule binti wa Marangu kamaliza form four, yuko nyumbani anasubiri matokeo, kaniomba aje kama msaidizi. Nimemwambia aje, ila akae mbali na yule wa Old Moshi kwenye gari maana mpaka leo hajamrudishia hoja.